Mshale Uliposhuka: Kisa cha Gari Lililoaga Mashindano Kwenye Kilomita ya 11

## Utangulizi

Kisa hiki kilitokea kwenye mashindano ya mbio za magari mkoani Dodoma, wakati wa kiangazi. Nilikuwa msimamizi wa mafundi wa gari husika, na karatasi ya ukaguzi iliyoliruhusu gari kutoka gereji ina sahihi yangu. Nimeondoa majina ya watu, timu, vijiji, aina ya gari na mwaka. Wahusika nitawaita kwa kazi zao: Dereva, Msoma Ramani, Fundi Mkuu na Fundi Kijana. Wote wanne wameyasoma maandishi haya na wamekubali yatoke.

Nawaandikia hasa mafundi na madereva wa timu ndogo, zile ambazo gari linalala uani kwa mtu, spea zinaagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi la usiku, na fundi wa Jumamosi ana kazi nyingine Jumatatu. Timu kubwa zina kompyuta inayopiga kelele kabla mtu hajajua kuna tatizo. Sisi tuna macho, pua na mdomo. Siku ile macho yaliona, pua ikanusa, na mdomo haukusema kwa wakati.

## Gari, watu na mahali

Gari lilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye turbo, hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, na linavuta kwa magurudumu yote manne. Katika injini ya petroli takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi, na karibu yote iliyobaki lazima ibebwe na maji ya rejeta. Ukiongeza turbo na ukakanyaga mafuta hadi mwisho kwenye mchanga, unaongeza joto wakati upepo wa kulipoza umepungua, maana gari linanguruma sana na kwenda kidogo.

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ndani ya rejeta yanacheleweshwa na presha inayoshikiliwa na mfuniko. Mfuniko wetu ulikuwa umeandikwa 1.1, yaani bar 1.1, na kwa presha hiyo maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuanza kuchemka. Akiba yetu yote ilikuwa hizo nyuzi ishirini na kitu katikati. Presha ikitoka, akiba inaondoka nayo papo hapo. Kwa hiyo mshale ukisoma 105 na presha ipo, injini ina afya. Mshale uleule ukisoma 105 na presha imetoka, maji yameshakuwa mvuke. Namba ni moja, hali mbili tofauti kabisa, na geji ya joto peke yake haiwezi kukutenganishia.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao jua la Dodoma halina huruma na nyasi zimekauka hadi zinavunjika ukizikanyaga. Barabara za steji, vile vipande vya njia vinavyokimbiwa kwa kupimwa muda, zilikuwa mchanganyiko wa udongo mwekundu mgumu, vipande vya mbuga nyeusi iliyopasuka, na makorongo makavu yenye mchanga wa kufika kwenye kifundo cha mguu.

Jambo la mwisho kuhusu mahali, na naomba msomaji alishike: maji ya visima vyetu yana chumvi. Anayeishi Dodoma anaujua utando mweupe ndani ya birika la chai, na madoa meupe yanayobaki kwenye gari ukiliosha na kuliacha likauke juani. Gereji yetu nzima ina madoa hayo. Kwenye sakafu, kwenye ndoo, kwenye mikono ya mafundi.

Dereva alikuwa na msimu wake wa pili. Ana kasi ya kuzaliwa nayo na moyo wa kusikiliza, lakini kwenye gari husikiliza noti za njia tu, yale maelezo ya kona anayosomewa na Msoma Ramani. Msoma Ramani amemzidi umri kwa miaka tisa. Fundi Mkuu ni mzee wa kazi, mtu aliyekulia hadithi za Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam aliyeshinda Safari, mbio maarufu za magari za Afrika Mashariki, mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Hupenda kukumbusha kwamba lile gari halikuwa la kasi kuliko mengine, ila lilikuwa linafika. Fundi Kijana alikuwa na miezi saba nasi.

## Ijumaa: majaribio na neno "nimekaza"

Ijumaa mchana tulilipeleka gari kwenye mzunguko wa majaribio. Kwenye mpando mmoja mshale ulifika 104, ukarudi 95 kwenye tambarare. Dereva aliripoti hivyohivyo, Fundi Mkuu akaandika "sawa" kwenye karatasi. Nakubaliana naye hata leo. 104 kwenye mpando wa Oktoba si habari.

Jioni Fundi Kijana alikuwa anafuta vumbi chini ya boneti. Kwenye shingo ya mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji kutoka kwenye injini, pale klipu inapokaa, aliona utando mweupe wa upana wa kidole. Aliukwangua kwa kucha. Ulikuwa mkavu, ukatoka kama magamba. Alichofikiri ndicho ambacho kila mmoja wetu angefikiri: ni maji ya bomba yaliyomwagika wakati wa kujaza, yakakauka, yakaacha chumvi. Aliufuta kwa kitambaa. Kisha, kwa sababu ni kijana makini, akaichukua bisibisi na kuikaza ile klipu mizunguko miwili.

Fundi Mkuu alikuwa chini ya gari akifunga kinga ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Mazungumzo yao, kama wote wawili wanavyoyakumbuka, yalikuwa haya:

"Mzee, klipu ya mpira wa juu nimeikaza."

"Vizuri. Nyingine je?"

"Zote nimezipitia."

Neno "nimekaza" ni neno la kazi iliyokwisha. Linamwambia anayesikia kwamba kulikuwa na jambo dogo na sasa halipo. Utando mweupe haukutajwa. Laiti angesema "nimekuta chumvi kwenye shingo ya mpira", Fundi Mkuu anasema angetoka chini ya gari palepale, maana yeye anajua kwamba maji ya kumwagika yanaacha doa lenye umbo la tone au la mchirizi, na maji yanayovuja chini ya klipu yanaacha pete.

Ilikuwa pete.

Nilisaini karatasi saa tatu usiku. Kipengele cha "mipira na klipu" kilikuwa kimewekewa alama ya vema. Mpira mpya wa juu ulikuwepo kwenye sanduku la spea, bado umo kwenye nailoni yake, umeshanunuliwa kwa shilingi elfu arobaini. Hakuna aliyefikiria kuubadilisha kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna sababu ya kuubadilisha. Na nikiwa mkweli, hata kama wazo lingekuja, kubadilisha mpira ule kunataka kumwaga maji, kujaza upya na kutoa hewa yote kwenye mfumo, kazi ya saa moja na nusu ukiifanya kwa uangalifu. Saa hiyo ya usiku ningeipima sana kabla ya kusema ndiyo.

## Jumamosi asubuhi: nusu lita

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi fundi wetu wa matairi, ambaye si kazi yake kabisa, alifungua mfuniko gari likiwa baridi, akaona maji yameshuka, akaongeza. Anakadiria nusu lita. Aliongeza maji ya bomba kwa sababu galoni la kulanti, dawa ya kupoza inayochanganywa na maji ya rejeta, lilikuwa kwenye gari la huduma lililokuwa limeshatangulia. Hakumwambia mtu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Kaka, gari lina kiu, nimelinywesha. Hiyo nayo ya kuripoti?"

Mfumo uliofungwa hauna kiu. Nusu lita iliyopungua usiku mmoja imepita mahali fulani. Lakini sikuwahi kumfundisha hivyo, na karatasi yangu ya ukaguzi haikuwa na mstari wa kuandika maji yaliyoongezwa.

Steji ya kwanza ilikuwa fupi, kilomita 8, udongo mgumu na upepo mzuri. Walimaliza wa nne. Mshale haukuvuka 101.

## Dakika sita kwenye kivuli cha mbuyu

Kati ya steji ya kwanza na ya pili kulikuwa na kipande cha barabara ya kawaida, bila kituo cha huduma. Walifika karibu na kituo cha muda, mahali gari linapoandikiwa saa yake, wakiwa na dakika sita mkononi. Kamera ya ndani ya gari ilikuwa inaendelea kurekodi, nami nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko sehemu ya ajali yenyewe.

Gari limeegeshwa kwenye kivuli cha mbuyu. Injini imezimwa. Dereva ametoka, anaongea na madereva wengine wawili kuhusu vumbi. Upepo ulikuwa umelala, na vumbi la gari lililotangulia lilikuwa linaning'inia barabarani kama pazia. Walitaka pengo kati ya gari na gari liongezwe kutoka dakika mbili hadi tatu. Hoja yao ilikuwa ya haki na ya usalama, na msimamizi wa kituo aliikubali. Msoma Ramani amebaki ndani, anarekebisha noti kwa penseli. Anakunywa maji. Anafunga tena kamba za viatu.

Kwa dakika zote sita boneti haikufunguliwa. Kanuni zinawaruhusu waliomo ndani ya gari kulikagua na kulitengeneza wenyewe kwa vifaa walivyobeba. Wangefungua wangekuta nini? Mpira uliokuwa umeanza kutoa jasho chini ya klipu, bila shaka, kwa sababu injini ilikuwa ya moto na presha iko juu. Wangeweza kuufunga kwa tepu ya silikoni iliyokuwa chini ya kiti, wakaenda polepole hadi kituo cha huduma baada ya steji ya pili. Kupoteza dakika mbili au tatu, kubaki mashindanoni.

Siwalaumu. Akili ya mtu hubeba hatari moja kubwa kwa wakati mmoja, na asubuhi ile hatari hiyo ilikuwa vumbi.

## Kilomita 8.6 hadi 11.4

Steji ya pili ilikuwa kilomita 22. Kuanzia kilomita ya 6 njia inaingia kwenye korongo pana na kufuata mchanga kwa zaidi ya kilomita mbili, gia ya pili na ya tatu, injini juu kabisa. Kando yake nyasi zilikuwa zimeegemea barabarani, na rejeta ilikuwa inazoa mbegu. Tuliihesabu baadaye: karibu robo ya uso wa rejeta ilikuwa imezibwa.

Mshale unapanda 104, 107, 110. Dereva anautaja kwa sauti: "Mia na kumi." Msoma Ramani anajibu, "Korongo linaisha mita mia tatu." Huo ulikuwa uamuzi sahihi kwa walichokijua. Kusimama kwenye mchanga ni kukwama, na baada ya korongo kulikuwa na tambarare ya kupoza.

Dakika ya 5 na sekunde 48, kilomita ya 8.6, wanapanda ukingo wa kutoka korongoni. Mshale uko 113. Unasikika mlio mdogo, kama mtu amefungua soda. Kioo cha mbele kinapata ukungu wa matone madogo, upande wa kushoto. Dereva anawasha waipa mara moja, ukungu unaondoka.

Kisha mshale unaanza kushuka. 108. 101. 94. Ndani ya sekunde ishirini uko 88.

Kwenye kamera unamwona Dereva akishusha mabega. Kwa dakika mbili nzima alikuwa amekaza shingo, na sasa anaachia pumzi. "Imepoa," anasema. "Twende."

Msoma Ramani ananyanyua kichwa kutoka kwenye daftari. Ameinusa harufu tamu, kama ya sharubati iliyochomeka, harufu ambayo kila aliyewahi kumwaga kulanti kwenye ekzosi ya moto anaijua. Anasema neno moja, kwa sauti ya kuuliza: "Maji?"

"Mshale umeshuka. Soma."

Akasoma. Kushoto nne, inafunga, usikate. Tambarare ya mita mia nne. Alisoma vizuri sana hadi mwisho, bila kukosea hata kona moja.

Kwenye kilomita ya 10 gari linaanza kuwa zito. Dereva anakanyaga zaidi. Kwenye kilomita ya 11 injini inaanza kunoki, mlio wa kokoto ndani ya kopo. Moshi mweupe unaonekana kwenye kioo cha nyuma. Kilomita 11.4, nguvu inakatika. Dereva anaachia gia na kuliacha gari litambae hadi kona inapoisha, upande wa ndani, mahali palipo wazi. Anazima. Mshale unasoma 84.

## Baada ya kusimama

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu baada ya kusimama walifanya kila kitu kama inavyotakiwa, na hilo halikutokea kwa bahati.

Gari lililofuata lilikuwa nyuma yao kwa dakika tatu, kwa sababu ya pengo walilolipigania wenyewe. Ndani ya sekunde arobaini Msoma Ramani alikuwa anakimbia nyuma na pembetatu nyekundu, akaiweka zaidi ya mita 50 kabla ya gari, upande uleule wa barabara. Dereva alisimama nje ya njia na bango la "OK" ili wanaopita wajue hakuna aliyeumia. Magari matano yalipita salama.

Baada ya hapo wakaja watu. Mzee mmoja mchunga ng'ombe na vijana wawili, wamebeba dumu la lita tano la maji. "Mbukwenyi," mzee akawasalimia, nao wakaitikia na kumwamkia shikamoo. Alikuwa ameona moshi kwa mbali, akajua gari limechemsha, akawatuma wajukuu wakachukue maji ya kulimwagia. Mwezi Oktoba upande ule, dumu la maji ni safari.

Dereva alikuwa ameshaushika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Msoma Ramani alimshika mkono. Alimweleza mzee kwa upole kwamba injini ya moto namna ile ikimwagiwa maji ya baridi inapasuka, na kwamba mfuniko ukifunguliwa sasa mvuke utawaunguza wote waliosimama pale. "Basi lisubiri," mzee akasema, "ninyi je?" Wakayanywa wao. Dereva ananiambia hajawahi kunywa maji mazito hivyo, na hakumaanisha ladha.

Walisubiri saa mbili na nusu hadi steji ilipofungwa na gari la kuvuta likafika. Katika muda huo hawakugusa chochote chini ya boneti. Msoma Ramani alipiga picha kumi na nane kwa simu. Kwa sababu hiyo ndiyo tunaweza kueleza kilichotokea bila kubahatisha.

## Matokeo

Tuliipasua injini Jumapili. Mpira wa juu ulikuwa umechanika sentimita nne, sawasawa kufuata ukingo wa klipu. Gasketi ya hedi iliungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Tulipoweka rula ya chuma juu ya hedi, fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.20 ilipita chini yake bila kubanwa. Kwa hedi za aina hii kupinda kunakovumilika ni kama 0.05. Ringi za pistoni mbili zilikuwa zimekufa. Mpira wa elfu arobaini ulitugharimu injini ya mamilioni na mashindano mawili yaliyofuata.

Dereva aliumia zaidi kuliko nilivyotarajia. Jumapili jioni aliketi kwenye tairi uani, hataki chakula. Fundi Mkuu akaketi naye, akamsimulia kuhusu Carlos Sainz, dereva wa Kihispania, mwaka 1998, kwenye mashindano ya mwisho ya msimu huko Uingereza: injini ya Toyota Corolla yake ilikufa ikiwa zimebaki chini ya mita 500 kumaliza steji ya mwisho, na ubingwa wa dunia ukaenda kwa mpinzani wake Tommi Mäkinen aliyekuwa ameshajitoa mapema. Sijui kama ilimfariji. Lakini aliinuka akaja kusaidia kufungua nati za hedi.

## Uchambuzi

Mshale. Hili ndilo kiini cha kisa chote. Kisoma joto cha gari letu kimefungwa kwenye njia ya maji karibu na mahali mpira wa juu unapoanzia. Kinapima kile kinachokigusa. Maji yakiwepo, kinapima maji. Maji yakitoka, kinabaki kimezungukwa na mvuke na hewa, ambavyo havipelekei kisomo hicho joto kama maji yanavyofanya. Chuma cha hedi kinaungua, na kisomo kinapoa. Kwa hiyo kwenye sekunde ishirini ambazo Dereva alipumua kwa nafuu, injini ilikuwa imeingia kwenye hali mbaya kuliko zote.

Rejeta haiwezi kutoa nyuzi 25 ndani ya sekunde ishirini huku mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho. Haijawahi kuweza. Dereva alilijua hilo. Nilipomuuliza Jumatatu bila kumwambia ni la kisa chake, alinijibu sahihi bila kusita. Ndani ya gari aliamini kinyume, kwa sababu alikuwa ameisubiri habari njema kwa kilomita mbili na ilipokuja hakuikagua. Nimefundisha madereva kwa miaka waogope mshale unaopanda. Sikuwahi kumfundisha hata mmoja aogope unaoshuka.

Klipu. Mpira uliokaa kwenye joto kwa misimu miwili unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. Klipu ya skrubu ukiikaza juu ya mpira mgumu haizibi, inakata. Mizunguko miwili ya Ijumaa ilipunguza uvujaji kwa usiku mmoja na ikaanzisha mpasuko. Namwandikia hili Fundi Kijana waziwazi, kwa ruhusa yake: alifanya kosa la kiufundi ambalo mimi ningelifanya kwenye mwezi wangu wa saba, na lisingekuwa na madhara kama tungekuwa na desturi ya kuripoti kilichoonekana kabla ya kilichofanyika. Jumatatu, chini ya mwarobaini wa gereji, alikuja na nguo zake za kazi zimefuliwa na kukunjwa, azirudishe. Dereva ndiye aliyezichukua, akazitundika tena kwenye msumari wake.

Nani ana haki ya kusimamisha gari. Msoma Ramani alijua. Harufu ile aliitambua ndani ya sekunde chache, na ukungu wa kioo aliuona. Alikuwa na mashahidi wawili dhidi ya mshale mmoja. Lakini aliusema kama swali, na swali lilijibiwa. Nilipomhoji alisema: "Kazi yangu ni kusoma. Gari ni lake." Kwenye timu yetu ilikuwa kweli, ingawa hakuna aliyewahi kuiamua. Dereva ana usukani, mguu wa mafuta, noti masikioni na barabara machoni. Ndiye mtu mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kufikiri kuhusu maji, na tulikuwa tumemwachia yeye peke yake uamuzi wa maji. Kama wangesimama kwenye kilomita ya 9, steji ingekwisha vilevile kwao. Injini ingebaki.

Maji ya bomba. Nusu lita ya asubuhi haikuua gari. Chumvi yake kwa miaka inaziba mirija ya rejeta, na kulanti iliyopunguzwa makali inachemka mapema zaidi, hayo ni kweli, lakini siku ile mchango wake mkubwa ulikuwa kuficha dalili. Tungeikuta rejeta imepungua saa moja asubuhi, mpira mpya ungetoka kwenye nailoni.

## Tulichobadilisha

Kisoma joto cha pili kimefungwa kwenye chuma cha hedi chenyewe, hakitegemei maji. Pembeni yake kuna geji ya presha ya rejeta yenye taa nyekundu. Presha ikianguka, inawaka. Mipira yote ya maji inabadilishwa kila mwanzo wa msimu. Karatasi ya ukaguzi sasa ina safu ya "nimeona nini" kabla ya safu ya "nimefanya nini", na mstari wa maji yaliyoongezwa, kiasi na saa. Kwenye gereji tunatumia maji yaliyochujwa chumvi kwa ajili ya rejeta, na galoni lake lina rangi ya bluu ili utando mweupe ukionekana popote chini ya boneti usiwe na maelezo ya kirahisi.

La Msoma Ramani lilichukua muda mrefu zaidi. Tumekubaliana neno moja, "Zima", ambalo akilitamka Dereva anazima kwanza na kuuliza baadaye. Analitamka mshale ukishuka nyuzi 10 au zaidi ndani ya sekunde kumi na tano bila mguu kutoka kwenye mafuta, au taa ikiwaka, au akinusa.

Dereva aliipinga "akinusa". Alisema pua si kipimo. Walibishana hadi chai ikapoa, na ikabaki kwenye orodha.

Kwenye mashindano ya kwanza baada ya injini kurudi, kilomita ya 5 ya steji ya tatu, Msoma Ramani alinusa. "Zima." Wakasimama, pembetatu, boneti. Mpira ulikuwa mzima, presha ipo, maji yapo. Harufu ilikuwa ya kulanti ya zamani iliyobaki kwenye kinga ya sampu na kupata moto. Walipoteza sekunde 52 na nafasi mbili. Dereva aliirudisha boneti mwenyewe, akaibana pini zote nne, akaingia ndani na kufunga mikanda. Kamera inamsikia akiuliza: "Noti iko wapi?" Na Msoma Ramani anaendelea alipoishia.